Mwizi wa Nyanya Mbichi

Shangazi yangu hakuwahi kupenda bustani. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi ukipita mtaani kwetu utaambiwa alizaliwa na jembe mkononi. Shangazi alizaliwa na ulimi, basi. Jembe alilipata ukubwani, kwa hasira, na chanzo chake kilikuwa panya.

Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, kimoja kikiwa na ufa uliompa kila mteja mashavu ya ziada, na mlango wa nyuma uliofungukia kiwanja kitupu. Zamani palikuwa na ghala. Ghala likabomolewa, na tangu hapo kila mwenye takataka na aibu kidogo alisubiri giza akamwage pale. Wasio na aibu walimwaga mchana. Panya wakanenepa. Siku panya mmoja alipokatiza juu ya miguu ya bibi harusi aliyetulia chini ya mashine ya kukaushia nywele, Shangazi aliazima jembe na reki, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaanza kufyeka huku akimtaja kwa sauti kila jirani na taka alizotupa. Watu walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kunyoa.

Mtaa ukamwona. Na mtaa wetu ukiona mtu anafanya kazi peke yake huingiwa na huruma: ukaunda kamati.

Mwenyekiti akawa mkaguzi wa shule mstaafu, jirani aliyeishi ng'ambo ya barabara na mama yake mzazi. Ni mtu aliyelipwa maisha yake yote kuingia mahali ambapo wengine wanafanya kazi na kuwaambia wanakosea, na kustaafu hakukumwondolea kipaji. Kikao cha kwanza kilikwenda kutwa nzima kutafuta jina la bustani. Likapatikana: Mikono Pamoja. Fulana za kijani zenye jina hilo zikafika kabla ya jembe la pili. Shangazi alipewa yake, akaishukuru sana, akaitumia kudekia sakafu ya saluni.

"Pamba nzuri," aliniambia. "Inanyonya maji kuliko Mwenyekiti anavyonyonya muda."

Mimi wakati huo nilikuwa najifunza kusuka kwake, kwa hiyo niliyaona mengi, na mengine niliyapalilia.

Masika yalipoanza, watu wa kujitolea walijaa kama siafu. Udongo ulikuwa laini, mvua ilimwagilia bila kuombwa, na kila mtu alitaka kupigwa picha ameshika mche. Miche mingine ilipigwa picha mara nyingi hata ikafa kabla ya kupandwa. Mwenyekiti alizunguka na buti zake mpya za mpira, mikono nyuma, akiuliza kwa nini mstari wa biringanya umepinda. Mikono ilikuwa pamoja kweli. Mingi ilikuwa pamoja mifukoni. Waliochimba hasa ni Shangazi, mimi, na nesi mmoja wa mtaani aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akapalilia mchicha huku amefumba macho. Mara moja alipitiwa na usingizi ameegemea jembe, na Mwenyekiti akamtaja kikaoni kama mfano wa mtu anayetafakari.

Maji ya siku zisizo na mvua yalitoka kwenye bomba la saluni, kwa mpira mrefu uliopita katikati ya miguu ya wateja. Shangazi alilalamika kila siku, na kila siku aliufungulia. Ndivyo alivyokuwa: mdomo ulikuwa unakwenda kushoto na mikono inakwenda kulia.

Kipupwe kikaingia, nyanya zikaanza kubeba. Hapo ndipo wizi ulipoanza.

Ulikuwa wizi wa ajabu. Nyanya zilizoiva, nyekundu, zinazomwita hata mtawa, zilibaki. Zilizochukuliwa ni mbichi, za kijani, ngumu kama goroli. Kila baada ya siku chache tulikuta mashina mawili matatu yamepunguzwa, tena kwa ustadi, kikonyo kimekatwa vizuri bila kuvunja tawi. Mtaa ukachanganyikiwa. Wapo waliosema ni hujuma ya mtaa wa pili, eti wanatuonea wivu. Fundi wa redio alisema ni popo. Alipoulizwa popo gani anakata kikonyo, akasema teknolojia imekua.

Usiku huo Mwenyekiti alilala usingizi mnono kuliko wowote tangu astaafu. Hatimaye kulikuwa na kosa la kukagua. Akaitisha kikao cha dharura. Akasimama juu ya kreti ya soda na kutangaza kwamba akikamatwa mwizi atavishwa shada la nyanya mbichi shingoni na kuzungushwa mtaa mzima, awe mkubwa awe mdogo.

"Siku za mwizi ni arobaini!" akamalizia.

"Na za kamati je?" akauliza Shangazi kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaandika jina lake mahali.

Shangazi naye alikuwa na uchungu na zile nyanya, maana ndiye aliyezifunga fito mojamoja kwa vitambaa vya saluni. Asubuhi moja, kabla jua halijachomoza vizuri, aliniamsha tukajibanza nyuma ya mlango wa saluni. Yeye alishika ufagio, mimi nikapewa chupa ya kunyunyizia maji nywele. Nilimuuliza nitamfanya nini mwizi kwa chupa ile. Akasema nimloweshe, yeye atamkausha.

Tulisikia kwanza hatua za kuburuta. Kisha akatokea kikongwe, mwembamba kama ufito, amevaa gauni la kulalia na buti za mpira zilizomfika magotini. Buti nilizitambua. Mkononi alikuwa na ndoo. Alienda moja kwa moja kwenye nyanya, akainama taratibu, akaanza kuchagua. Alikuwa akizibonyeza kwa kidole gumba, anaziacha zilizoiva, anazikata mbichi kwa ukucha, anazilaza kwenye ndoo juu ya majani kama anayelaza watoto. Alikuwa anaimba kidogo kidogo.

Alikuwa mama yake Mwenyekiti.

Ufagio wa Shangazi ulishuka wenyewe. Tukatoka. Kikongwe alituona wala hakushtuka.

"Umechelewa, mwanangu," akamwambia Shangazi. "Gari la sokoni litatuacha. Huyu mtoto ndiye atakayebeba?"

Nilimtazama Shangazi. Nilikuwa najua majibu yake kwa mtu anayemlaumu kuchelewa, mengine hayaandikiki. Akaweka ufagio chini.

"Shikamoo mama. Nisamehe, nilipitiwa na usingizi."

"Marahaba. Usingizi hauuzi nyanya. Chukua mbichi tu, hizo nyekundu zitaozea njiani. Safari ni ndefu."

Basi tukachuma. Mwizi, mshika ufagio na mnyunyizia maji, sote watatu tumeinama. Akatusimulia bei za soko ambalo nadhani lilishakufa zamani, na dereva mmoja wa lori aliyependa kumtania. Ndoo ilipojaa, Shangazi akamuuliza kwa upole, "Na mwanao je, anajua uko shambani?"

"Mwanangu yuko shule," akasema kwa fahari. "Anapenda shule huyo, mpaka anatuchosha."

Shangazi alimshika mkono akamvusha barabara hadi mlango wa nyuma wa nyumba yake. Ndani tulisikia Mwenyekiti akikoroma, kwa mpangilio. Kikongwe akaingia jikoni, akazipanga nyanya zake chini ya meza, juu ya gunia, pamoja na nyingine za siku zilizopita ambazo tayari zilikuwa zinaiva. Hapo nikakumbuka kwamba Mwenyekiti alikuwa amejisifu kikaoni kuwa hanunui nyanya, mama yake bado ana nguvu za kwenda sokoni kumchagulia. Mlinzi mkuu wa bustani alikuwa anakula ushahidi kila siku.

Tuliporudi saluni nilikuwa nimebanwa na kicheko. "Shangazi, leo mtaa utalipuka! Kamwambie!"

"Nimwambie nani?"

"Mwenyekiti! Kamati! Shada la nyanya si aliahidi mwenyewe?"

Akanitazama kama mtu aliyekuta chawa kwa mteja. "Sikiliza. Nikimwambia mtaa, kesho watajipanga kwenye fensi na simu zao kumpiga picha mama wa watu na gauni la kulalia. Nikimwambia mwanawe, atamfungia mlango kwa kufuli. Wewe unataka lipi?"

Sikutaka lolote. Nikafungulia maji ya kuoshea.

Tangu siku hiyo tulikuwa tunaamka mapema. Na tungeendelea hivyo kimya kimya kama kamati ingejua kukaa bila kazi. Haikujua. Kwenye kikao kilichofuata, Mwenyekiti alikuja na mshtakiwa. Alikuwa mlinzi wa usiku wa duka la vifaa vya ujenzi lililopakana na bustani, mtu mpole, mrefu, asiyezungumza mpaka asalimiwe. Hoja dhidi yake ilikuwa nzito: yuko macho usiku, na ni maskini. Fundi wa redio, aliyewahi kuwashitaki popo, alisema amemwona kwa macho yake karibu na fensi alfajiri.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye fensi?" Mwenyekiti akauliza.

Mlinzi aligeuza kofia yake mikononi. "Sijaiba, mzee."

"Sikuuliza kama umeiba. Nimeuliza ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi, na lindo lako ni huku?"

Mlinzi akawa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akatangaza kwamba kesho atakwenda kuonana na mwenye duka, mtu wa namna hiyo aondolewe kazini. Watu wakaguna kukubali, kama wanavyokubali kila kitu kikielekea saa ya kula.

"Mwachie," Shangazi akasema. "Mwizi ni mimi."

Kikao kizima kiligeuka. Nami nikageuka, maana nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe?" Mwenyekiti akashuka kwenye kreti. "Dada, wewe ndiye unayezimwagilia!"

"Ndiyo maana nazijua zilipo."

"Nyanya mbichi za nini?"

Shangazi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Nilimwona akilimeza, kisha nikaona jibu linapanda. "Nawapaka wateja kichwani. Zinakuza nywele."

Kwa mara ya kwanza tangu bustani ianze, watu wa mtaa ule walinyamaza kwa pamoja bila kuombwa.

Hukumu ilitolewa palepale. Suala la shada likaahirishwa, kwa kuwa hakuna aliyejitolea kumvika Wembe kitu chochote shingoni. Badala yake akafutwa uanachama, akaamriwa arudishe fulana, na kwa adhabu amwagilie bustani peke yake kiangazi chote. Yaani aliadhibiwa kufanya alichokuwa anafanya, isipokuwa sasa kamati iliandika kwamba imemlazimisha. Fulana niliipeleka mimi, nimeikamua vizuri.

Jambo ambalo hakulitegemea ni wateja. Kesho yake asubuhi kulikuwa na foleni mlangoni. Mke wa fundi wa redio alikuwa wa kwanza, amejifunga kilemba, anaongea kwa sauti ya chini. "Ile dawa ya nyanya ipo?"

"Imepigwa marufuku na kamati," Shangazi akajibu.

"Hata kidogo tu, hapa mbele?"

Mpaka leo wapo wanawake wanaoamini kwamba Mwenyekiti ndiye aliyewazuia kuwa na nywele ndefu, na wanamsalimu kwa baridi.

Yule mlinzi alikuja jioni, akasimama kizingitini kama kawaida yake mpaka akaribishwe.

"Umenisitiri, dada," akasema. "Lakini si wewe."

"Unajuaje si mimi?"

Akatazama nje kwanza. "Bibi huyo mimi ndiye namvusha barabara akija. Magari ya alfajiri hayana huruma. Akirudi, naona wewe ndiye unamvusha."

Mtu huyu alikuwa tayari kupoteza kazi yake mbele ya kadamnasi kuliko kutaja jina la bibi kizee wa watu. Shangazi alimvutia kiti, akamwambia akae amnyoe bure, kwa sababu kofia ile ilikuwa inaficha maafa.

Kiangazi kilikuwa kikali. Udongo ulipasuka, na shauku ya kujitolea ikapasuka nayo. Ghafla kila mtu alikuwa na mgongo. Kundi la Mikono Pamoja kwenye simu lilibaki hai sana: watu walitumiana picha za masika, maua, na maneno ya kutia moyo, wote wakiwa vivulini. Nesi alikuja alipoweza. Waliobaki walikuwa mhalifu aliyefungwa kifungo cha mpira wa maji, mlinzi kabla hajaenda kulala, mimi, na mwizi halisi. Shangazi alipanda tuta moja la nyanya karibu kabisa na fensi, kwa ajili ya yule mama. Likawa soko lake. Alilichuma tuta lile kwa makini, akatugombeza kwa uvivu, akatuita majina ya watu wa zamani. Siku nyingine Shangazi alikuwa dada yake, siku nyingine kibarua asiyeaminika. Alivikubali vyeo vyote.

Vuli ilipoleta mvua, bustani ilikuwa imesimama, kijani tupu. Na watu wa kujitolea wakarudi, wameshangazwa na matunda ya jasho lao. Halmashauri ikasikia, ikasema italeta wageni waone. Mwenyekiti akaandaa sherehe: viti, spika, na hotuba ndefu kuhusu moyo wa kujituma. Shangazi hakualikwa. Alikaa mlango wa nyuma wa saluni akimsuka mteja, na kutoka pale tulisikia kila kitu.

Mwenyekiti alikuwa amefika mahali anaeleza jinsi kamati ilivyopambana na uhalifu, wakati lango lilipofunguka. Mama yake akaingia. Nadhani kelele za spika zilikuwa zimemwamsha kwenye usingizi wa mchana. Gauni la kulalia, buti, ndoo. Akapita katikati ya viti, akawasalimu wageni wa halmashauri kama watu wa sokoni, akainama kwenye tuta lake, akaanza kukata nyanya mbichi.

Shangazi aliacha kichwa cha mteja nusu, akakimbia. Lakini palikuwa mbali kidogo.

Kikongwe aliinua uso, akamtafuta mwenye sauti. "Wewe Kijogoo," akasema, na spika ilikuwa karibu kiasi cha kulibeba neno hadi barabarani. "Punguza kelele. Njoo ushike ndoo, mama yako ana mgongo."

Hakuna aliyecheka. Mtaa mzima ulikuwa unatazama nyanya zile za kijani kwenye ndoo, kisha unamtazama Shangazi, kisha Mwenyekiti. Hata fundi wa redio alielewa. Mwenyekiti alisimama na karatasi zake, mdomo wazi, na uso wake ulipita kila darasa alilowahi kukagua. Akaweka hotuba kwenye kiti, akaenda, akapiga goti kwenye matope na suruali yake ya sherehe, akaishika ndoo kwa mikono miwili.

Wageni wa halmashauri wakapiga makofi. Walidhani ni igizo, lipo kwenye ratiba. Mmoja alisema hajawahi kuona ushirikishwaji wa wazee uliopangwa vizuri kama ule.

Jioni Mwenyekiti alikuja saluni. Hakuwahi kuingia mle, na hakuwa na sababu, maana kichwa chake kilikuwa na upara wa kujionea. Akakaa kiti cha pembeni, chini ya mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu ndicho kilichokuwa kitupu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujanivua fulana."

"Na ukaniacha nijifanye mjinga mbele ya watu miezi yote hiyo?"

"Hiyo sikukuzuia, kweli," Shangazi akasema. "Ulikuwa unaifanya vizuri."

Alitaka kucheka, ikamtoka sauti nyingine. "Nilikuwa namwona anasahau. Anaita majina siyo. Nikajiambia ni uzee tu, mbona bado anakwenda sokoni, mbona nyanya analeta..." Mkono wake ukapapasa ubavuni mwa mashine, ukapata swichi, akaiwasha. Ikaanza kunguruma. Akakaa chini yake, mtu mzima mwenye upara, anakaushwa nywele asizokuwa nazo, ili tusisikie analia. Shangazi alinikonyeza nitoke nikafagie nje. Nilifagia sehemu moja ile ile mpaka mashine ikazimwa.

Kesho yake alikwenda kwa mlinzi na kumwomba radhi. Aliomba kikaguzi, amesimama wima, na hoja zimepangwa, lakini aliomba, tena mbele ya mwenye duka. Kufuli mlangoni hakuweka. Alianza kuja alfajiri na mama yake, amemshika mkono, yeye mwenyewe na viatu vya zamani kwa kuwa buti alimwachia mama. Kulima hakujua. Alikuwa analipiga jembe kama anayepiga nyoka, na mama yake alimwambia hivyo kila siku. Uanachama wa Shangazi ulirudishwa kwa kura zote. Naye akaukataa, akasema akiwa mwanachama atalazimika kuhudhuria vikao.

Masika yaliyofuata, miguu ya yule mama ilikuwa imechoka na matuta. Akawa anaketishwa saluni asubuhi, mwanawe akilima nyuma pale, na Shangazi humsuka nywele zake nyeupe, laini kama pamba, mistari ile ile kila siku, anafumua na kuanza upya, kwa sababu mikono ikiwa kichwani mwake alitulia na kusinzia. Wateja wenye haraka walinung'unika. Mmoja aliuliza kwa sauti kama bibi huyo ana miadi.

"Anayo," Shangazi akamjibu bila kugeuka. "Wewe ndiye huna. Kaa hapo ungoje, au kachukue jembe."